ANNIE OAKLEY: MDADA WA MIKONO MIDOGO ALIYEJUA SILAHA INAYOMFAA



Kuna swali moja kule Marekani huwa haliishi. Mtu ana mikono midogo, hela yake ni ya kuungaunga, na anataka bastola ya kukaa nayo nyumbani kwa ajili ya ulinzi. Achukue ipi? Sikiliza majibu anayopewa: chukua kubwa, chukua yenye risasi nene, mwizi akiiona tu atakimbia mwenyewe. Na wanaojibu hivyo wengi wao ni mibaba yenye viganja kama koleo. Dada wa watu anaenda dukani na ushauri huo, anarudi na mzigo usiomfaa, anaujaribu mara moja, unamuumiza mkono, anauweka kabatini hadi leo. Hiyo siyo ulinzi jamani, hiyo ni hasara iliyojificha.

Tuelewane mapema kabla mtu hajaniuliza bei. Mimi siuzi silaha, na huku kwetu kushika bunduki bila kibali ni kesi nzito. Nilichowaletea leo ni maisha ya mtu. Alishafariki siku nyingi, mwaka 1926, lakini kila nikisoma habari zake naona jibu la hilo swali lilishatolewa zamani, tena na mwanamke mwenye kimo cha futi 5 tu, yaani kama mita 1 na nusu hivi. Anaitwa Annie Oakley. Twende pamoja.

ALIANZA NA SHIDA

Alizaliwa Agosti 13, 1860, kwenye wilaya ya Darke, jimbo la Ohio. Jina la nyumbani ni Phoebe Ann, ila ndugu zake walimzoea kwa Annie. Baba yake, Jacob, alikuwa mtu mzima sana, maana aliwahi kuwa askari kwenye vita ya mwaka 1812. Mama ni Susan. Familia ilikuwa ya Waquaker, wale Wakristo wasiopenda vita wala ugomvi. Watoto kibao, kipato hakuna.

Mwaka 1866 baba akapatwa na dhoruba ya theluji akiwa njiani, akarudi nyumbani hoi, nimonia ikamchukua. Annie hakuwa hata na miaka 6. Mama akabaki na msururu wa watoto na shamba lenye deni.

Ukutani kulikuwa na gobore la marehemu. Kwa masimulizi yake mwenyewe, akiwa na miaka 8 alilishusha, akaliegemeza, akampiga kindi. Mama hakufurahi hata kidogo. Lakini tumbo halina msimamo wadau, nyama ilipikwa na ikaliwa.

Maisha yakazidi kubana. Mwaka 1870 akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea maskini ya wilaya. Huko ndiko alikojifunza kushona na kudarizi, ujuzi ambao baadaye ulimfanya ajishonee mwenyewe nguo za jukwaani. Kutoka hapo akachukuliwa na familia moja iliyoahidi kumlipa senti 50 kwa wiki na kumpeleka shule. Alichokikuta ni utumwa mtupu: kazi tangu alfajiri, kipigo, na siku moja kutolewa nje kwenye theluji bila viatu. Maisha yake yote hakuwataja jina watu wale. Aliwaita mbwa mwitu, basi. Baada ya kama miaka 2 akatoroka.

NYUMBA ALIYOILINDA KWANZA

Aliporudi kwa mama akaanza kuwinda kibiashara. Kwale, sungura, ndege wa porini. Akawa anauza kwa mwenye duka pale mji wa Greenville, na mzigo mwingine ukawa unafika hadi kwenye hoteli za Cincinnati.

Hapa nataka msome taratibu, maana ndipo somo linapoanzia. Wanaosimulia habari zake wanasema alikuwa anampiga ndege kichwani. Kwa nini kichwani? Siyo mbwembwe. Mteja wa hotelini hataki kutafuna marisawa kwenye nyama. Nyama ikiwa safi, bei inakuwa nzuri. Halafu baruti na risasi ni hela. Mtoto maskini hawezi kufyatua ovyo ovyo kama mtu anayesherehekea mwaka mpya. Kila mfyatuo ulitakiwa urudishe kitu mezani.

Akiwa na miaka 15 alikuwa ameshakusanya hela ya kutosha kumalizia deni lote la shamba la mama yake. Deni LOTE, wadau. Nyumba ya kwanza ambayo Annie Oakley aliilinda kwa bunduki aliilinda dhidi ya mdai, na hakuna mtu hata mmoja aliyechubuka.

AKUTANA NA MUME KWENYE MASHINDANO

Kulikuwa na mlenga shabaha mmoja wa jukwaani, Frank Butler, mzaliwa wa Ireland. Alikuwa anazunguka na maonyesho, na tambo zake zilikuwa kwamba hakuna mwenyeji wa kumshinda. Pale Cincinnati mwenye hoteli mmoja akamtafutia mpinzani, dau likawekwa. Frank akafika uwanjani akitegemea kukuta jibaba la porini. Akakuta kasichana kafupi kamevaa gauni.

Walipiga zamu kwa zamu. Frank akakosa ndege wake wa 25, Annie akampata wa kwake. Mchezo ukaisha. Mwanaume mwingine angenuna, angesema upepo ulimbeba ndege. Frank yeye alipenda! Wakaoana, na baada ya muda jamaa akafanya jambo ambalo hata leo wanaume wengi litawashinda: akaona mke wake anampita kwa kiwango, akaacha kujionyesha yeye, akawa meneja wake. Waliishi pamoja hadi kifo.

Hilo jina la Oakley alijichagulia mwenyewe kwa ajili ya jukwaa. Wengi wanaamini alilitoa kwenye mtaa mmoja wa Cincinnati wenye jina hilo.

Mwaka 1884, akiwa St. Paul, Minnesota, alionwa na Sitting Bull, yule kiongozi maarufu wa Walakota. Mzee alivutiwa mno, akamfanya kama binti yake na kumpa jina lenye maana ya mdogo asiyekosa shabaha. Mwaka uliofuata, 1885, Annie na Frank wakajiunga na onyesho kubwa la Buffalo Bill, wakakaa nalo kwa miaka mingi.

Vitu alivyokuwa anafanya si mchezo. Alikuwa anasimamishiwa karata ya kuchezea kwa ubavu, yaani ule upande mwembamba, umbali wa kama mita 27, anaipasua. Mwaka 1893 alichukua bunduki ndogo ya Marlin, risasi za .22, akaiwekea karata ya moyo yenye alama moja umbali wa kama mita 11, akapeleka risasi 25 ndani ya sekunde 27, zote kwenye ile alama. Hizo karata zenye matundu zilikuja kufananishwa na tiketi za bure, zile zilizotobolewa ili zisihesabiwe kwenye mauzo, na kwa miaka mingi Wamarekani wakawa wanaiita tiketi ya bure kwa jina lake.

Na kwa wasioamini, mwaka 1894 Thomas Edison alimrekodi kwa mashine yake ya picha. Kipande ni cha sekunde chache, kinapatikana kwenye intaneti. Kiangalieni kabla dakika hazijaisha.

LONDON 1887: TATIZO HALIKUWA MKONO

Sasa tuje kwenye kipande ambacho mimi ndo nakipenda kuliko vyote.

Mwaka 1887 Buffalo Bill alivusha onyesho zima kwa meli hadi London, mwaka ambao Malkia Victoria alikuwa anatimiza miaka 50 kwenye kiti cha enzi. Malkia mwenyewe alienda kuwaangalia. Annie akawa gumzo la mji, akaalikwa kwenye vilabu vya mabwana wakubwa vya kulenga njiwa.

Huko akakutana na kisanga. Njiwa wa Kiingereza walikuwa wadogo na wenye kasi kuliko aliowazoea, na mwanzoni akawa anawakosa vibaya. Ungekuwa wewe ungesemaje? Watu wangesema sifa zake za magazetini tu, mwanamke ni mwanamke, mkono hauna nguvu.

Fundi bunduki mmoja, Charles Lancaster, aliyekuwa na duka New Bond Street, hakuangalia mkono. Aliangalia bunduki. Akaona zile bunduki alizokuja nazo ni nzito mno kwa mwili ule, na vitako vyake havikukatwa kwa kipimo chake. Kila akiinyanyua, jicho, bega na mtutu vinakuwa haviko kwenye mstari mmoja, na muda anaotumia kurekebisha, njiwa ameshaondoka. Lancaster akamchukua kwenye uwanja wake wa mazoezi, akamtengenezea bunduki nyepesi zaidi zilizokatwa kwa kipimo chake. Mtu yule yule, jicho lile lile, mkono ule ule. Njiwa wakaanza kudondoka. Lancaster mwenyewe akaja kutoa kitabu cha ufundi wa kulenga mwaka 1889, na ndani yake suala la bunduki kumkaa mtu vizuri analipa uzito mkubwa.

Mnaona sasa? Mlenga shabaha aliyekuwa anapasua karata kwa ubavu alikuwa anakosa kwa sababu ya silaha isiyo saizi yake. Kama yeye ilimtokea, dada anayenunua bastola kwa kufuata ushauri wa mwenye viganja vya koleo atasalimika vipi?

TURUDI KWENYE BASTOLA

Tuchukue akili ya Lancaster tuipeleke kwenye bastola ya kulinda nyumba, tuone inatuambia nini.

Kwanza, kidole. Bastola ikishikwa sawasawa, mtutu unatakiwa ufuate mstari wa mkono kutoka kwenye kiwiko, na kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mpini kiganjani. Mwenye mkono mdogo akipewa mpini mnene, kidole hakifiki. Ikabidi auzungushe, na akiuzungusha, bastola ikipiga inamgonga kwenye kifundo cha dole gumba. Hapo ndo maumivu yanapoanza, na maumivu yanaleta woga, na mtu mwenye woga anafumba macho kabla hajafyatua.

Pili, lile teke. Risasi ikienda mbele, silaha inarudi nyuma. Risasi nzito yenye baruti nyingi inasukuma zaidi. Lakini kuna kitu wengi wanakisahau: silaha nyepesi inarudi kwa kasi kuliko nzito kwa risasi ile ile. Kwa hiyo yule muuzaji anayemchukulia mwanamke kabastola kadogo, kepesi kama simu, kenye risasi nene, eti kwa sababu mkono wake ni mdogo, anampa silaha yenye teke baya kuliko zote dukani. Udogo wa silaha na ulaini wa silaha ni vitu viwili tofauti. Mkono mdogo unataka mpini mwembamba, risasi ya wastani, na chuma chenye uzito wa kutosha kumeza lile teke.

Tatu, nguvu ya vidole. Bastola za kuzunguka, zile za kizibo cha risasi 5 au 6, hazina cha kuvuta nyuma, lakini kifyatulio chake mara nyingi ni kigumu. Zile za kujaza risasi kwenye mpini, kuna sehemu ya juu ya kuvuta nyuma kwa nguvu, na wengi inawashinda. Viwanda vyenyewe vimeshakubali hilo. Mwaka 2018 Smith & Wesson walitoa bastola ya risasi za .380 iliyotengenezwa makusudi iwe rahisi kuvuta, kwa ajili ya watu wenye mikono dhaifu. Miaka 100 na ushee baada ya Lancaster, watu wanaanza kukata kitako tena kwa kipimo cha mtu!

Nne, hela. Bei ya bastola siyo ile ya dukani peke yake. Kuna bei ya risasi za mazoezi. Silaha ya bei chee yenye risasi ghali itakaa kabatini, na mtu asiyefanya mazoezi hajajilinda, amejidanganya. Ndo maana wakufunzi wengi humuanzishia mgeni kwenye .22: haina teke la maana, kelele zake ni ndogo, na risasi zake ni za bei ya chini kuliko nyingine. Mkikumbuka, yule mtoto wa Darke alikuwa anahesabu kila chembe ya baruti.

Enzi za Annie kulikuwa na vitu vya namna hii tayari. Mwaka huo huo 1887 Smith & Wesson walitoa bastola ndogo yenye nyundo iliyofichwa ndani, na nyuma ya mpini kuna kibonyezo: usipokibana haifyatuki. Mwaka uliofuata wakaitoa na ya risasi za .32, laini zaidi. Kwa wenye hela ndogo kulikuwa na Iver Johnson na Harrington & Richardson, viwanda vya Massachusetts vilivyouza bastola kwa dola chache.

Hapo hapo msije mkadhani ndogo maana yake ni kitu cha kuchezea. Mwaka 1898, vita na Hispania ikinukia, Annie alimwandikia Rais William McKinley kujitolea kupeleka kikosi cha wanawake 50 walenga shabaha, wakiwa na silaha na risasi zao wenyewe. Serikali haikukubali. Miaka 3 baadaye, Septemba 1901, rais huyo huyo alipigwa risasi mjini Buffalo, akafariki siku 8 baadaye. Silaha iliyotumika ilikuwa bastola ndogo ya Iver Johnson, .32, iliyonunuliwa kwa dola 4 na senti 50. Bei chee, teke dogo, na taifa zima likaingia msibani. Kwa hiyo silaha laini kwa mshikaji siyo laini kwa anayepigwa. Ndani ya nyumba yenye watoto, hilo ndo jambo la kwanza kufikiria, kabla ya rangi na jina la kiwanda.

MWALIMU WA WANAWAKE

Msimamo wa Annie ulikuwa wazi: kila mwanamke ajue kutumia silaha, na aizoee kama anavyozoea kulea mtoto. Inakadiriwa alifundisha wanawake zaidi ya 15,000 katika maisha yake. Hakuwa anawapa tu shabaha. Aliwaambia wazi kwamba bastola iliyozama chini ya mkoba, katikati ya leso na vioo, haimsaidii mtu, maana mwizi hasubiri uipekue. Aliwahi hata kuonyesha namna ya kuificha kwenye mikunjo ya mwavuli mkononi.

Ila msimchanganye na wanaharakati wa wakati ule. Kwenye suala la wanawake kupiga kura hakuwa mstari wa mbele, na jukwaani aling'ang'ania gauni la heshima. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: ustadi hauna jinsia, na hauna saizi ya kiganja.

AJALI, HALAFU KASHFA

Oktoba 1901 treni ya onyesho la Buffalo Bill iligongana na nyingine kule North Carolina. Farasi wengi walikufa. Annie aliumia mgongo na akaachana na onyesho lile.

Hajakaa sawa, Agosti 1903, magazeti ya William Randolph Hearst kule Chicago yakaandika kwamba Annie Oakley amekamatwa kwa wizi, eti kaiba ili apate hela ya kokeni. Habari ikasambaa kwa telegrafu nchi nzima, kila gazeti likakopi bila kuuliza. Mwanamke aliyekamatwa alikuwa mwingine kabisa, mcheza jukwaani aliyetumia jina la mwenzie.

Sisi tunaoandika mitandaoni tulisome hili vizuri. Kukopi na kupesti hakujaanza jana!

Annie angeweza kukaa kimya akasubiri watu wasahau. Hakufanya hivyo. Alifungua kesi dhidi ya magazeti 55. Akawa anasafiri kutoka mji hadi mji, anapanda kizimbani, anaulizwa maswali ya kumdhalilisha. Hearst akatuma mpelelezi hadi Darke kuchimba uchafu wa utotoni mwake, akarudi mikono mitupu. Kesi zilienda hadi mwaka 1910. Katika magazeti 55, alishinda au kulipwa na 54. Fidia zote alizozipata hazikufikia gharama alizotumia. Kihela alipata hasara. Lakini jina likarudi safi.

Mimi hapo ndo namvulia kofia. Mwanamke mwenye shabaha kuliko karibu kila mtu duniani, alipoguswa pabaya hakukimbilia bunduki. Alikwenda mahakamani. Kwenye deni alitumia bunduki kuwinda, kwenye jina akatumia sheria. Alijua silaha ipi inafaa wapi, na hiyo pia ni aina ya kipimo.

MIAKA YA MWISHO

Alirudi jukwaani kidogo, akastaafu maonyesho mwaka 1913. Kuanzia 1915 yeye na Frank wakawa wanakaa misimu kule Pinehurst, North Carolina, akifundisha wageni wa hoteli kulenga, hasa wanawake. Marekani ilipoingia vita kuu mwaka 1917 alijitolea tena kuunda kikosi cha wanawake, wakamkatalia tena. Akaamua kuzunguka kambi za jeshi kuwaonyesha vijana shabaha kwa gharama zake mwenyewe.

Mwaka 1922, akiwa na zaidi ya miaka 60, alisimama Pinehurst akavunja visahani 100 vya udongo mfululizo, umbali wa kama mita 15. Mwishoni mwa mwaka huo huo ajali ya gari kule Florida ikamvunja nyonga, akawa anatembea na chuma mguuni. Bado akarudi kulenga.

Alifariki Novemba 3, 1926, mjini Greenville, Ohio, jirani na alikouzia kwale wake wa kwanza. Frank alikuwa mgonjwa pia. Baada ya kifo cha mkewe aliacha kula, na baada ya siku 18 naye akafuata. Wamelazwa pamoja kwenye makaburi ya Brock, Ohio.

Sehemu ya medali zake za dhahabu haipo. Aliziyeyusha akaziuza kuchangia hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu.

TUNAONDOKA NA NINI?

Mimi naona hivi. Maisha yake yote watu walikuwa wanampima kwa mkono wake mdogo, kumbe kipimo kilikuwa ni kama kifaa kinamkaa na kama amefanya mazoezi. Kwa hiyo yule dada wa Marekani anayesimama mbele ya kioo cha duka la bastola, jibu lake ni hili: aikamate mkononi, aangalie kidole kinafika wapi, aombe kuijaribu kwenye uwanja wa mafunzo kabla ya kutoa hela, achague risasi anayoweza kuimudu mkononi na mfukoni, na ajue itafungiwa wapi ili mtoto asiifikie. Jina kubwa la kiwanda na maneno ya mibaba vikae pembeni.

Na kwa sisi ambao hatuna bastola wala hatuitaki, somo liko pale pale. Fundi cherehani mfupi anayelazimishwa meza ndefu, mwanafunzi wa mkono wa kushoto anayelazimishwa wa kulia, dereva asiyefikia pedali... wote huambiwa wao ndo wabovu. Kabla hujakubali kwamba huwezi, kagua kwanza ulichopewa ukishike.

Haya wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Nani anamjua mwanamke wa huku kwetu aliyeambiwa hawezi kazi fulani kisa umbo lake, akaja kuwapita wote? Leteni visa. Matusi hapana.

Nawasilisha.